Kidole Hakijasomeka

Siku zile za foleni, laini zilipotishiwa kuzimwa,
nilikuwa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
chini ya mwavuli wa kampuni, mwekundu uliopauka,
na kifaa cha kusomea vidole mapajani.

Akaja Mwanjaa Mhina wa Pongwe,
kaletwa na baiskeli ya kukodi, kakaa upande, ndala mkononi.
Simu yake ya tochi imebanwa kwa mpira wa nywele.
Namba ya kitambulisho kaiandika nyuma ya cheti cha dawa.
"Nisajili," akasema, "kabla hawajanizima."

Nikalaza dole gumba lake juu ya kioo.
Kifaa kikalia: kidole hakijasomeka, jaribu tena.
Nikajaribu cha shahada. Cha kati.
Cha pete, kisicho na pete.
Nikavifuta kwa ncha ya kanga yake, nikaviosha kwa sabuni ya kipande,
nikavisugua ndimu, ujanja wote wa semina ya nusu siku.
Kidole hakijasomeka.
Vidole kumi, na nyuma yake watu wanaguna.

Nikavigeuza juani.
Hapana mstari, hapana duara,
vimelainika kama kokoto za Mto Zigi.

"Miaka ishirini na sita kwenye brashi," akasema,
kama mtu anayetaja alikozaliwa.
"Korona inakwangua jani, inatema singa,
sisi tunazisugua mpaka zing'ae."
(Korona ya mkonge. Jina lilikuwa bado halijaibiwa na maradhi.)
"Maji yake yanawasha. Mwaka wa kwanza unajikuna,
mwaka wa pili unazoea,
mwaka wa kumi ngozi yenyewe imeshasahau ilikuwaje.
Singa zikipanda meli. Sikuwahi kuuliza zinakwenda kufunga nini."

Basi mashine moja ilikwisha kula
kile ambacho mashine nyingine inakidai.
Sikulisema hilo. Nani atasimama juani kunisikiliza?
Nilisema, "Mama, mtandao unasumbua,"
uongo wetu wa kila siku, hauna hata ladha.

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
nikaweka kidole changu.
Kikasomeka palepale,
kidole cha mtu wa kidato cha nne
ambaye hajashika kitu kigumu kuliko kalamu.
Usajili umekamilika: Ayubu Kilua.
Akanishukuru kwa mikono miwili. Kamisheni yangu ikaingia.

Mwisho wa mwezi mwanawe wa Dar akatuma elfu thelathini.
Kabla hajabonyeza ndiyo, simu ikamwuliza:
unamtumia Ayubu Kilua?

Akaja tena Mwanjaa, safari hii kwa miguu,
kacheka hadi kashika nguzo ya mwavuli.
"Mwanangu anauliza nimeolewa lini!
Nimemwambia, ndiyo, nimeolewa mjini,
na mahari yenyewe kidole."

Nikacheka naye. Kisha nikaacha kucheka.
Kwa hesabu za serikali, mama huyu anaongea kwa jina langu,
anapokea kwa jina langu, akikopa nimekopa mimi.
Na siku nikizikwa, watanifunga laini,
na huko Pongwe bibi mzima wa afya
atabonyeza, atabonyeza, asipatikane.
Ofisini nimekwenda mara tatu.
Wanasema mfumo hauna sehemu ya kuandika hilo.

Aliniachia kamba, kaisokota mwenyewe,
singa alizookota kando ya reli.
"Ya kwako hii ya manailoni," akasema, "haifiki masika."
Nimeufungia mwavuli.
Alasiri upepo ukipanda kutoka Raskazone
mwavuli unavuta, unavimba, unataka kwenda,
na kamba kimya.

Jioni nikiifungua inanikwaruza.
Naingia ndani, nawasha taa ya simu,
naangalia ncha za vidole.